Mwaka umenipiga, nishukuru nini? Anti anajibu barua za Desemba

Desemba hii barua zenu zimekuja na kilio kimoja, mwaka umekuwa mgumu, watu wanaambiwa washukuru na hawajui waanzie wapi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu manake ndani yake nimeona barua za wengi, zingine nimezikata kidogo mtanisamehe, nafasi yenyewe ndo hii.

Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta

*Anti shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 31 na naandika nikiwa nimechoka kwelikweli. Mwezi wa tatu nilipunguzwa kazini, tuliitwa chumba cha mikutano tukaambiwa kampuni inapunguza watu na mimi nimo, nusu saa baadae nilikuwa nje nimesharudisha kompyuta na kitambulisho. Mwezi wa sita baba akafariki. Mwezi wa tisa mchumba wangu akasema anahitaji muda wa kufikiria, mpaka leo anafikiria. Sasa kila nikishika simu ni stetasi za watu, asante Mungu kwa mwaka wa baraka, na mama mdogo katangaza kwenye grupu la familia kila mtu aandike mambo kumi anayoshukuru mwaka huu. Wote wameandika kasoro mimi. Juzi akanifata pembeni akaniambia mwanangu uhai tu unatosha, usije ukamkufuru Mungu. Anti, mimi sina shukrani? Na pale kwenye grupu niandike nini?*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya baba kwanza, maana umemtaja hapo katikati ya kazi na mchumba as if ni vitu vya foleni moja, na mi nakwambia msiba wa mzazi haukai foleni moja na kitu chochote, kwa hiyo kama tangu mwezi wa sita unajiona hauko sawa basi hauko sawa kwa sababu umefiwa, hamna siri nyingine hapo.

Hilo la kufuru tulimalize mapema kwa sababu naona ndo linalokunyima usingizi. We ni muumini, sawa. Fungua Zaburi ya 88 uisome yote, inaanza na kilio na inaisha gizani, hamna asante mwishoni, na hakuna aliyeitoa kwenye Biblia kwa kosa hilo. Au kama we ni Muislamu, sura ya 12 kwenye Kurani, Yakubu anamlilia mwanawe Yusufu mpaka macho yanakuwa meupe kwa huzuni, na Mtume Muhammad mwenyewe alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim machozi yalimtoka watu wakiona. Hao wote walikuwa watu wa shukrani kuliko mimi na wewe na mama mdogo tukijumlishwa. Kwa hiyo kulia na kushukuru vinakaa kifua kimoja, havigombani, wanaogombana ni watu wanaotaka uchague kimoja ili wao wapumue.

Sasa tuje kwenye mambo kumi. Mi nadhani shida yako inaanzia kwenye swali lenyewe. Unaulizwa ushukuru kwa *mwaka*, mwaka mzima kwa mkupuo, na akili ya binadamu ikiulizwa hivyo inajibu kivivu sana. Kuna jaribio mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walilitoa mwaka 1993, waliwaambia watu watie mkono kwenye maji baridi, nyuzi 14, kwa sekunde 60. Halafu mara nyingine sekunde 60 zile zile za nyuzi 14, zikiongezwa sekunde 30 juu yake ambapo maji yalipandishwa joto kidogo kidogo mpaka nyuzi 15, yani bado baridi bado inauma ila inauma pungufu. Wakaulizwa mkirudia mnataka ipi, na wengi wakachagua ile ndefu! Wamechagua kuumia zaidi, kwa sababu iliisha vizuri kidogo. Tunachobaki nacho kichwani ni pale palipouma kuliko kote na pale palipoishia, urefu wa katikati tunausahau. Sasa mwaka wako kilele chake ni msiba na mwisho wake ni mwanaume anayefikiria, unategemea ukiulizwa ulikuwaje ujibu nini? Na stetasi za wenzio ni kinyume chake tu, mwingine kapata mtoto Novemba basi mwaka wote ukawa wa baraka, kule kugombana na mumewe tangu Februari kumefutika.

Juu ya hapo baya lina sauti kuliko zuri, hilo nalo limeandikwa sana na wanasaikolojia, Roy Baumeister na wenzake walilikusanya mwaka 2001, tusi moja linakaa kichwani wakati sifa tano zimeshapita. Sio ubaya wa moyo wako, ndo tulivyoumbwa, aliyekumbuka nyoka alipo aliishi kuliko aliyekumbuka ua.

Kwa hiyo usianzie kichwani, kichwa chako saa hizi ni shahidi mbaya. Anzia kwenye simu. Chukua siku moja umetulia, fungua meseji, rudi mpaka mwezi wa tatu, ile wiki uliyorudisha kitambulisho, shuka taratibu. Usitafute baraka, tafuta *majina*. Nani alikutumia "umefika nyumbani?" ile jioni. Nani alikutumia tangazo la kazi ambalo hata halikukufaa lakini alikukumbuka. Angalia simu ulizopigiwa wiki ya msiba, kuna mtu alipiga mara tatu hukupokea akaacha voisi ya sekunde kumi na mbili anasema usijisumbue kupiga, nilitaka tu ujue nipo. Hukuisikiliza mpaka mwisho wakati ule, isikilize leo. Na kuna watu hawamo kwenye simu kabisa, aliyekaa jikoni anaosha vyombo siku ya mazishi na hujui hata aliondoka saa ngapi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, huu msemo tunausema kila siku ila hatukai chini tukaandika ni nani hasa alitufaa.

Sikuahidi watakuwa kumi. Wanaweza kuwa wawili, na pengine katika kutafuta utagundua fulani uliyemtegemea hayumo, hilo nalo litauma, liache liume.

Kuna kitu sitaki ufanye. Usishukuru kwa kufiwa. Usishukuru kwa kufukuzwa kazi eti Mungu alikuwa anakuandalia kubwa zaidi, labda ndivyo labda sivyo, ila hulazimiki kuliandika Desemba hii hali ajira yenyewe hujapata. Mi kuna watu wananichosha, mtu ana jeraha bichi wao wanamwambia kila jambo lina sababu yake. Kwa baba unaweza kushukuru kwamba ulikuwa naye, mkono wake, utani wake, siku alizokusomesha, lakini hiyo nayo itakuja kwa wakati wake, kwa wengine inakuja wiki ya pili kwa wengine mwaka wa pili, na anayekuharakisha mpe maji anywe.

Kwenye grupu andika hivi, au kwa maneno yako: *"Mimi mwaka huu kumi sina jamani. Ninao wawili. Shangazi aliyenipigia kila Jumapili tangu tumzike baba hata nilipokuwa siongei, na binamu yangu aliyenirekebishia CV usiku bila kuniuliza maswali. Asanteni sana. Hayo mengine mnivumilie."* Halafu weka simu chini. Utashangaa, wapo kwenye hilo grupu walioandika kumi na hata mawili ya kweli hawana.

Na moja la muhimu, hili naomba usilipite. Kama wiki zinapita hulali au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, au unawaza bora usingekuwepo, hapo mambo ya kuandika shukrani weka pembeni, nenda kamuone daktari au mshauri wa afya ya akili, na hilo la mwisho likikujia usisubiri hata kesho, mwambie mtu leo hii. Jennifer Cregg na Jennifer Cheavens wa chuo kikuu cha Ohio State, Marekani, walichambua kwa pamoja tafiti 27 za mazoezi ya shukrani wakaona kwa sonona na wasiwasi yanasaidia kidogo sana. Shukrani ni nzuri ila dawa ya ugonjwa sio.

Mchumba? Akimaliza kufikiria akukute na wewe ulishafikiria.

Daftari langu limekufa

*Anti habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, biashara yangu mwaka huu imeyumba vibaya nikawa na stresi mpaka nikawa mkali nyumbani. Nikasoma mahali kwamba ukiandika kila usiku mambo matatu unayoshukuru akili inabadilika. Nimeandika tangu Agosti sijakosa hata usiku mmoja. Shida sasa hivi naandika uzima, familia, chakula, kesho yake uzima, familia, chakula, ni kama mtoto anakariri jedwali. Sisikii kitu chochote. Nakosea wapi?*

Nzuri baba, na hongera kwa nidhamu, mi nisingefika Septemba. Ila nadhani nidhamu yenyewe ndo imeliua daftari.

Huo utafiti uliowafanya watu wote waanze madaftari ni wa Robert Emmons na Michael McCullough, ulitoka mwaka 2003. Waliwagawa wanafunzi makundi, wengine waandike yanayowakera, wengine matukio ya kawaida tu, wengine wanayoyashukuru, na wale wa shukrani wakajikuta wanayaona maisha yao vizuri zaidi na hata mazoezi ya mwili wanafanya zaidi. Sasa sikiliza, kwenye jaribio lile la kwanza walikuwa wanaandika *mara moja kwa wiki*, wiki kumi. Baadae akina Sonja Lyubomirsky wakalijaribu hilo hilo kwa wiki sita, kundi moja linaandika mara moja kwa wiki lingine mara tatu, wa mara moja wakapanda furaha, wa mara tatu hamna kitu. Wapo waliopata faida kwa kuandika kila siku, sikatai, Emmons mwenyewe alijaribu kwa siku 21 na watu wenye maradhi ya mishipa ya fahamu na misuli wakawa wanalala vizuri zaidi, lakini wewe limekuishia, na likiisha utamu punguza.

Chagua siku moja. Kitu kimoja tu, ila kiandike mpaka kionekane. "Familia" futa, familia ni neno la kwenye fomu. Andika: *Jumanne nimerudi nimenuna, mdogo akanisubiri mlangoni na daftari la hesabu, hajanisalimia, kanishika kidole akanivuta mpaka mezani, akasema ya nne imenishinda. Tukaifanya. Kwa dakika ishirini sikuwaza deni.* Hiyo ndo familia. Ukiandika hivyo huwezi kurudia wiki ijayo kwa sababu Jumanne ile haijirudii.

Na siku ukikosa kabisa geuza swali. Badala ya kujiuliza nina nini, jiulize hiki ninacho kingewezaje kunipita. Akina Minkyung Koo mwaka 2008 waliwaambia watu walio kwenye ndoa na mahusiano waandike jinsi ambavyo wangeweza kabisa wasikutane na wenzao, wengine waandike tu jinsi walivyokutana, na walioandika habari ya kutokukutana ndo waliotoka wakiridhika zaidi na wenzi wao. We mkeo ulimpata wapi? Kwenye harusi ya mtu? Sasa kaa uwaze ile siku ungepata homa ukabaki nyumbani. Endelea kuwaza, hao watoto wawili wasingekuwepo, hiyo hesabu ya nne ungemfanyia nani. Halafu inuka ukamwangalie aliyelala.

Ila baba, pembeni ya daftari la shukrani weka na la hesabu za biashara, unadaiwa na nani, kiasi gani, lini. Hilo halijatajwa kwenye barua yako na limenitia wasiwasi kidogo. Na ule ukali wa nyumbani, waombe radhi wakiwa macho, daftarini hawasomi.

Nataka kumshukuru ila bado ananidai

*Anti, mtoto wangu alilazwa mwaka huu, wiki tatu, na mtu aliyenisitiri ni mfanyakazi mwenzangu ambaye hata hatukuwa marafiki. Alinikopesha hela bila maandishi, na usiku mbili alikaa yeye wodini ili mimi nikalale. Mtoto amepona Alhamdulillah. Hela nimelipa nusu tu na sasa namkwepa, nikimwona koridoni napita mlango mwingine. Natamani kumwambia asante kabla mwaka haujaisha ila naogopa ataona nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.*

Umefunga mambo mawili kwenye furushi moja dada yangu, ndo maana halibebeki. Kuna deni na kuna asante. Deni lina kiasi na tarehe. Asante haina, na huwezi kuimaliza hata ukilipa hela yote, zile usiku mbili wodini utazilipaje?

Kwa hiyo yatenganishe, siku mbili tofauti. Siku ya kwanza ni ya deni na iwe fupi: *"Bado nusu yako ninayo, sijasahau. Nitalipa mara mbili, mwisho wa Januari na mwisho wa Februari."* Taja kiasi, na taja tarehe utakazoziweza kweli. Hapo tu utaanza kupita koridoni kwa mlango wa kawaida.

Siku nyingine, ikiwezekana baada ya kulipa hata kidogo, mwandikie asante peke yake, bila neno hela ndani. Na usitafute maneno mazuri. Amit Kumar na Nicholas Epley mwaka 2018 waliwaomba watu waandike barua za shukrani wakabashiri mpokeaji atajisikiaje, halafu wakawauliza wapokeaji wenyewe. Waandikaji walidhani itakuwa aibu aibu hivi, kumbe wapokeaji walifurahi kuliko ilivyobashiriwa na ile aibu wala hawakuiona sana. Mwandikaji anahangaika je nimeandika vizuri, mpokeaji anaangalia upendo tu uliomo.

Mwambie alichofanya na kilichotokea kwa sababu yake. *"Ile usiku ya pili uliponiambia nenda kalale, nililala saa sita mfululizo, ilikuwa mara ya kwanza tangu mtoto alazwe. Asubuhi daktari alipokuja kunieleza niliweza kumsikiliza na kuuliza maswali. Nilikuwa sijakwambia."* Inatosha hiyo. Ukiweza mwambie ana kwa ana, Martin Seligman na wenzake waliwatuma watu wakasome barua zao mbele ya waliowatendea wema na furaha ilipanda sana, walichokiona pia ni kwamba baada ya miezi mitatu ilishashuka. Sioni ubaya hapo, ikishuka we mtafute mwingine wa kumshukuru, wiki tatu wodini lazima na nesi mmoja unamkumbuka.

"Shukuru, wengine hawana hata hicho"

*Shikamoo Anti. Mume wangu kila nikisema nimechoka au mwaka umekuwa mbaya jibu lake ni moja, shukuru, kuna wengine hawana hata hicho. Nimeshaacha kumwambia kitu. Nifanyeje?*

Marahaba. Hiyo hesabu ya wengine hawana mi siipendi, ukishukuru kwa sababu jirani ana hali mbaya kuliko wewe, siku jirani akipata nafuu utashukuru nini? Na mwenye shida kubwa nae yupo wa kumzidi, basi duniani angebaki mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kulalamika, tumtafute.

Mwambie kabla hujaanza: leo nataka unisikilize dakika kumi, ushauri sitaki, nikimaliza nitakwambia. Wanaume wengi wakisikia mke kachoka wanasikia wamelaumiwa, wanakimbilia kuzima moto ambao haupo. Ukimaliza mshukuru kwa kusikiliza, papo hapo, ajue ndo ulichokuwa unataka. Halafu na yeye muulize mwaka wake ulikuwaje, nina wasiwasi hajaulizwa na mtu.

Barua za Januari ziwahi, safari hii zilikuja nyingi siku ya mwisho. Na anayetaka jina la bandia alibuni mwenyewe, mwezi uliopita nilimbunia mtu jina likatokea kuwa la wifi yake, kukawa na kazi.